Sauti Inanikatikia kwenye So ya Juu: Nihamie Sauti ya Nne?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni konda wa daladala hapa Morogoro, na naimba sauti ya tatu (ile ya juu ya wanaume; ya nne ndiyo ya chini) kwenye kwaya ya parokia. Tuna wimbo wa Pasaka, Do = D, yaani Do inakaa kwenye noti ya D ya kinanda. Karibu na mwisho sauti ya tatu inaruka kutoka re hadi so ya juu kwenye neno "Mungu", na silabi ya "ngu" tunaishika mapigo manne. Mazoezini kuna siku naipata, kuna siku inakatika mbele ya watu. Nikifika fa ndipo koo linaanza kubana. Kila usiku naipiga ile noti peke yangu kama mara 30, asubuhi naamka sauti inakwaruza. Nimekunywa tangawizi, limau, hadi mayai mabichi. Je, kuna zoezi la kuipata, au nihamie tu sauti ya nne? Zimebaki wiki 10.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya yote nakuomba jambo moja, kuanzia usiku wa leo: acha zile mara 30.

Piga hesabu pamoja nami. Wimbo ukiwa Do = D, so ya juu ya mwanamume ni A, mitetemo 440 kwa sekunde. Maana yake nyuzi zako za sauti, vinyama viwili vyenye urefu wa sentimita 2 hivi ndani ya zoloto (kisanduku cha sauti kooni), vinagongana mara 440 kila sekunde. Mkiishika mapigo manne kwa mwendo wa mapigo 60 kwa dakika, noti moja ina migongano 1,760. Mara 30 ni migongano 52,800. Na hapo umeshinda kutwa nzima mlangoni mwa gari ukiita "Msamvu, Kihonda, Msamvu!" Vinyama hivyo vinavimba, kama vile kiganja kinavyovimba kikishinda na jembe. Ule mkwaruzo wa asubuhi ndio uvimbe wenyewe. Uzi uliovimba ni mzito, na uzi mzito haupandi. Kwa hiyo zoezi unalofanya usiku ili uipate noti ndilo linalokunyang'anya hiyo noti kesho yake.

Sasa swali la kuhama. Hapana, usihame. Umeniambia jambo la maana sana uliposema koo linabana ukifika fa. Kila sauti ina daraja lake, yaani zile noti chache ambazo mwimbaji anatoka kwenye sauti nene ya kifua kwenda kwenye sauti nyepesi ya kichwa. Kwa wanaume wengi wa sauti ya tatu, daraja hilo linaanzia karibu na D na kuishia karibu na G. Kwa wimbo wenu, hiyo ni kutoka do ya juu hadi fa. Wanaume wa sauti ya katikati, baritoni, ambao kwa kweli ndio wengi kuliko wote, daraja linawakuta mapema zaidi, karibu na B hadi E. Kama ungeniambia unabanwa kabla hata hujafika do ya juu, ningekuwa na wasiwasi kwamba umewekwa mahali pasipo pako. Hilo hutokea sana kwenye kwaya zetu, maana mtu hupangiwa sauti kwa kuangalia ni wapi watu wamepungua. Mimi mwenyewe niliwekwa sauti ya tatu nikiwa na miaka 16 kwa sababu walikuwa wawili tu. Nilipiga kelele miaka miwili, mpaka usiku wa mkesha wa Krismasi sauti ikanitoka kabisa katikati ya ubeti. Nilikaa wiki tatu nikinong'ona. Ndiyo maana swali lako sikulipita haraka.

Wewe daraja lako liko mahali pake. Shida ni namna unavyolivuka.

Sauti inapanda kwa kazi ya misuli miwili inayovutana. Mmoja unazifanya nyuzi kuwa fupi na nene. Huo ndio unaotawala unapozungumza kwa sauti ya chini na unapoita abiria. Mwingine unazivuta ziwe ndefu na nyembamba. Huo ndio unaopandisha noti. Mpiga gitaa anajua hili bila kusomea, kwamba waya ukikazwa na kuwa mwembamba unapanda. Ukitaka kupanda huku ule msuli wa kwanza haujalegea, itabidi usukume pumzi nyingi ili kuulazimisha uzi mnene utetemeke haraka. Kwa muda mfupi inawezekana. Shingo inatoa mishipa, kidevu kinanyanyuka, noti inatoka. Kisha siku moja ule msuli unachoka na kuachia ghafla, na hapo ndipo sauti inapokatika mbele ya watu.

Na wewe unaufanyia mazoezi huo msuli wa kwanza saa 12 kwa siku. Wito wa konda ni kifua kitupu na pumzi nyingi, na unafaa kabisa kwa kazi yake. Ila jioni unaupeleka kwaya, na ukifika kwenye ile so unamwita Mungu kama unavyomwita abiria wa Kihonda. Hakuna aliyekufundisha vibaya. Mwili unatumia njia unayoizoea. Kwa wiki hizi 10 punguza wito. Gonga bodi, tumia mkono, mwachie dereva honi, na abiria akiwa karibu zungumza naye kwa sauti ya kawaida. Najua kazi ni kazi. Hata ukipunguza nusu, koo lako litaona tofauti.

Kabla ya zoezi lolote, kapime hiyo noti. Weka kwenye simu programu ya kupimia sauti, ile wapiga gitaa wanayotumia kukazia nyuzi, iache wazi mazoezini, na uangalie kwaya ikifika kwenye "Mungu". Nimekuta kwaya nyingi ambazo karatasi inasema Do = D lakini kinanda kimepandishwa nusu toni au toni nzima kwa kitufe, kwa sababu mpiga kinanda aliona "inachangamka" zaidi. Kikipandishwa toni nzima, so yako si A tena. Ni B, mitetemo 494 hivi kwa sekunde, na hiyo ni kazi nyingine kabisa kwa mwimbaji asiyesomea. Mkiimba bila kinanda, mwalimu anapotoa Do kwa kichwa siku ya furaha nayo hupanda yenyewe. Ukikuta iko hivyo, mfuate mwalimu wako faraghani, kwa heshima, umwonyeshe. Solfa, yaani huu mwandiko wa do-re-mi, ina uzuri huo: Do ikishushwa, herufi zote zinabaki zilezile na hakuna wa kujifunza upya.

Tukija kwenye mazoezi yenyewe, kwa wiki mbili za kwanza usiiguse so ya juu kwa sauti kamili. Kwaya ikifika hapo, iimbe kwa falseto laini, ile sauti nyembamba ya kichwa, au nyamaza na urudi kwenye noti inayofuata. Wenzako wataibeba. Nyumbani fanya dakika 15 asubuhi na 15 kabla ya mazoezi.

Anza na mrija wa soda. Chukua chupa ya maji iliyo nusu, zamisha mrija vidole viwili, halafu toa sauti kupitia mrijani hadi maji yachemke mapovu. Anza chini, panda taratibu kama king'ora, shuka. Midomo ishike mrija vizuri, pumzi isivuje pembeni wala puani. Kinachotokea ni kwamba pumzi inakutana na kizuizi, sehemu ya mgandamizo inarudi nyuma, na nyuzi zinakutana kwa upole badala ya kugongana. Mtafiti wa sauti wa Marekani, Ingo Titze, amefanya kazi kubwa ya kueneza zoezi hili, na leo utalikuta kwa waimbaji wa opera na kwa wagonjwa wanaotibiwa koo. Utashangaa kwamba mrijani utaipita ile so bila taabu. Uangalie vizuri mwili wako wakati huo: shingo imetulia, kidevu kiko chini, pumzi inayotoka ni kidogo. Hiyo ndiyo hali tunayoitafuta kwenye wimbo. Ukiwa huna mrija, tetemesha midomo "brrr" kama mtoto anayeendesha gari la mabati. Hilo hata kituoni unaweza kulifanya.

Baada ya mrija, njoo kwenye sauti tuliyojaliwa Waswahili: ng' ya ng'ombe. Waimbaji wa mataifa mengine huwa wanafundishwa kuitoa mwanzoni mwa neno. Wewe umenyonya nayo. Shikilia "ng'…" kwenye so ya juu, kwa falseto, laini kabisa kama unamwimbia mtoto aliyelala. Kisha shuka: so, fa, mi, re, do, bila kukata. Usipande, shuka. Ukishuka, ule wepesi wa juu unakuja nao chini, na mahali fulani kati ya fa na re utahisi sauti inanenepa yenyewe. Mwanzoni itaruka kama gari lililopita kwenye tuta. Rudia polepole kila siku mpaka tuta hilo lipungue. Mimi zoezi hili moja nalithamini kuliko mengine yote, na nikiambiwa nichague moja tu la kumpa mwimbaji wa sauti ya tatu, ningechagua hili.

Ukishalizoea, jaribu silabi "bo" kwa noti tano, do re mi fa so fa mi re do, ukianzia chini mahali pa raha na kupanda nusu toni kila mara. Kwa nini b? Weka kidole kwenye zoloto, lile linalopanda na kushuka ukimeza, useme "baba" taratibu. B yetu inalishusha kidogo. Wewe ukiikimbilia noti ya juu, zoloto linakimbia nalo kuelekea kidevuni, na njia inafinyika. B inakusaidia kulibakiza. Ukisikia tu dalili ya kwanza ya kubanwa, acha hapohapo na ushuke. Usijaribu "moja ya mwisho".

Wiki ya tatu ndipo tunaurudia wimbo, lakini hatuuanzi kwenye D. Tafuta Do = B bapa (B iliyoshushwa nusu toni), kwa kinanda au kwa programu ya simu. Hapo so yako ya juu inakuwa F tu. Imba kipande kile cha mwisho, kuanzia mstari mmoja kabla, mara tano kwa siku, mpaka kikae bila kufikiria. Wiki inayofuata Do = B. Kisha C. Kisha D bapa. Kisha D. Hizo ni wiki tano, nusu toni kwa wiki. Kama wiki fulani haijakaa, baki hapo. Usipande kwa sababu kalenda imesema. Ukifika D salama, nyumbani ipitishe mpaka E bapa, maana noti ya kuimba mbele ya watu haifai kuwa ndiyo dari yako. Inatakiwa ibaki angalau nusu toni juu yake.

Nimekwambia uanze mstari mmoja kabla, na hapa naomba unisome kwa makini, kwa sababu naamini kosa lako kubwa liko hapa. So ile haiharibikii kwenye so. Inaharibikia kwenye re. Umesema mnaruka kutoka re hadi so. Kwa sauti yako, re ya juu ni E, imeshaingia darajani, lakini bado inawezekana kuiimba kwa kifua kizito, na nina hakika ndivyo unavyofanya, kwa sababu unajiandaa kwa vita. Ukiruka na mzigo huo huo, huo mzigo unafika nao juu. Iimbe re ikiwa tayari imekuwa nyepesi, kama vile ni binti wa so, halafu urefu wa kuruka unapungua. Na usivute pumzi kubwa kabla yake. Kifua kilichojaa kinasukuma chenyewe. Vuta pumzi ya kutosha kusema sentensi moja, mbavu zikiwa wazi, basi.

Jirekodi kwa simu siku ukiimba re nzito na siku ukiiimba nyepesi. Ndani ya kichwa chako ile nyepesi utaiona haina nguvu, na utaionea aibu. Isikilize kwenye rekodi ukiwa umesimama mbali na simu. Utasikia kwamba ndiyo inayofika.

Sasa irabu. Maneno yetu karibu yote yanaishia na a, e, i, o au u, kwa hiyo noti ndefu ya Kiswahili daima inakaa juu ya moja ya hizo tano, na si zote zinapenda juu. Kila irabu ina mwangwi wake mdomoni. Kwa mwanamume, mwangwi wa chini kabisa wa i na u uko kwenye mitetemo 300 na kitu kwa sekunde. Noti yako ni 440. Yaani sauti imeshaupita mwangwi wa u, na huna tena msaada wowote unaotoka mdomoni. Ndiyo maana unahisi umeachwa peke yako na koo tu. O na e ziko juu kidogo zaidi, zinakupokea vizuri. A iko mbali sana juu na inamshawishi mtu apige kelele.

Kwa hiyo "ngu" yako, ikifika so ya juu, ifungue ielekee o. Midomo ibaki mviringo kana kwamba bado unasema u, ila ndani ya kinywa taya lishuke, pawe na nafasi ya yai. Ukijisikiliza utaona unasema "Mungo". Kanisani watasikia "Mungu", kwa sababu sikio linamalizia neno linalolijua, na sauti ya kwanza na ya pili zinaimba neno hilohilo. Ukiwa na wimbo wenye "milele" kwenye noti ya juu, e iachie ilivyo. "Bwana": a ivishe o kidogo kwa nyuma. "Mwenyezi": i ifungue kuelekea e. Na ile "ng" iliyo mbele ya u kwenye neno lenu itumie: gusa "ng" kwenye noti yenyewe ya so, siyo kwenye re, halafu fungua irabu. Inakuwa umeshafika kabla hujafungua mdomo.

Kuhusu falseto, vijana wengi wa kwaya wanaona ni sauti ya kike na wanaificha. Ujue kwamba kule Ulaya, mpaka karne ya 19, waimbaji wakubwa wa sauti ya tatu walizipanda noti za juu kabisa kwa sauti nyepesi ya kichwa na hakuna aliyewacheka. Aliyepata sifa kubwa kwa kupeleka C ya juu kwa sauti kamili ya kifua kwenye jukwaa la opera alikuwa Mfaransa Gilbert Duprez, aliyewatikisa watu wa Paris mwaka 1837. Adolphe Nourrit, aliyekuwa nyota wa jukwaa hilo kabla yake, alikwenda Italia kujifunza uimbaji huo mpya. Sauti yake ikaharibika, na mwaka 1839 alijiua huko Naples. Kila nikifundisha noti za juu namkumbuka. Ile so laini ni chuo ambamo so kamili inasomea, usiionee haya.

Dawa ulizokunywa nitazipitia haraka. Unachomeza hakigusi nyuzi za sauti. Chakula na maji vina njia yao, pumzi ina yake, na kitu kikikosea njia unakohoa mpaka machozi. Kwa hiyo yai bichi halilainishi chochote ila linaweza kukupa ugonjwa wa tumbo. Tangawizi na asali hutuliza kooni ukimeza, kunywa kama unapenda. Limau kali na tumbo tupu linaweza kukuletea kiungulia, na tindikali ya tumbo ikipanda usiku inaziunguza nyuzi. Hiyo pia ndiyo sababu ya kutokula chakula kizito ukaenda kulala palepale. Maji ya kawaida kutwa nzima ndiyo yanayosaidia, kwa kupitia mwilini. Mvuke unafika kwenye nyuzi zenyewe, kwa hiyo kujifukiza kwa maji ya uvuguvugu, bila kujiunguza, kunafaa hasa siku za vumbi. Peremende za kutia ganzi ziache kabla ya kuimba. Maumivu ni taarifa, na ukiyazima utaimba juu ya kidonda. Mkwaruzo ukizidi wiki tatu hata baada ya kupumzika, usiniandikie mimi. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akaangalie kama kuna vinundu.

Siku ya Pasaka yenyewe, kama mnaimba misa ya kwanza ya saa 12:30 asubuhi, amka saa 10. Sauti ya mtu aliyetoka kulala sasa hivi bado ni nzito. Kunywa maji, fanya mrija dakika tano, pumzika, fanya tena. Ile so iimbe mara moja tu nyumbani, kwa "ng'" laini, uone kwamba ipo, kisha usiiguse tena mpaka wimbo wenyewe. Na kama wiki ya tisa itafika haijakaa, zungumza na wenzako wa sauti ya tatu mapema: wenye kuiweza waishike kwa sauti kamili, wewe uiimbe kwa falseto ndani yao, na kwenye re uwape nguvu yako yote iliyo nyepesi. Mwalimu wenu hatasikia tofauti, na wimbo wa mwaka kesho utauanza ukiwa na koo zima.